Dada yangu wa Houston anataka kuniletea modemu yake ya kebo. Itafanya kazi hapa Mtwara?

Korosho Ghafi

Wakuu, salaam.

Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani. Nyumbani tunatumia ruta ya laini ya simu, lakini watoto wamekua, kila mmoja ana simu yake, mama yao anauza vitenge mtandaoni, bando linayeyuka kabla mwezi haujafika nusu. Faiba imefika mtaani na nimeshaomba kuungwa. Nasubiri mafundi.

Sasa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Houston, Marekani, na anakuja Desemba. Kwake anatumia intaneti ya kebo. Anataka kununua mashine mpya, na hii ya sasa anasema ni nzima kabisa, kwa hiyo ataniwekea kwenye begi. Kanitumia picha: boksi jeusi limesimama, nyuma lina tundu la duara lenye nyuzi za kukaza kama lile la dishi, matundu manne ya waya wa mtandao, na la umeme. Waifai inatoka humo humo.

Je, nikiunga na faiba itakubali? Na kama haikubali, kuna waya wa dishi la zamani umetoka ukutani sebuleni, tundu lake linaingiana na hilo kabisa. Siwezi kuutumia huo? Halafu na yeye anauliza anunue ipi, maana nimemwambia humu kuna mafundi.

---

Chikongola Kwetu

Wewe pokea tu mkuu. Ikikushinda nijulishe nije niichukue, nakaa hapo hapo karibu.

---

Fundi Nguzo

Korosho Ghafi, mdogo wangu, usimbebeshe dada mzigo bure. Hiyo mashine haitafanya kazi hapa, na wala si mbovu.

Modemu ya kebo inafuata kanuni zinazoitwa DOCSIS. Zilitolewa na CableLabs, taasisi ya utafiti ya kampuni za kebo, mwaka 1997 kwa ajili ya zile nyaya nene za koaksi zilizokuwa zimeshaingia majumbani Marekani kupeleka televisheni. Kampuni zikaona waya upo tayari, basi na intaneti ipite humo humo. Ila huku nyumbani kuna modemu, na kule kwenye kampuni kuna mtambo unaoitwa CMTS. Modemu ikiwashwa inautafuta mtambo huo, inapangiwa masafa, inataja namba yake ya utambulisho, MAC, mtambo unaangalia kama namba hiyo imeandikwa kwenye akaunti ya mteja anayelipa, ndipo njia inafunguliwa. Pasipo CMTS taa itapepesa mpaka uchoke wewe.

Kwa hiyo hata mashine ingekuwa mpya ya bei mbaya, ni sawa na kununua kichwa cha treni ukakileta Mtwara. Reli ya kwenda Nachingwea, ile ya enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, iling'olewa miaka ya 60.

Faiba ni kitu kingine kabisa. Nyumbani inaingia nyuzi ya kioo inayopitisha mwanga, na kifaa kinachougeuza mwanga kuwa mtandao kinaitwa ONT. Hicho mafundi wanakuja nacho, na namba yake inaandikwa kwenye mtambo wao, kama ile MAC ya kule. Kichwa cha nyuzi ni cha plastiki, mara nyingi cha kijani, cha kusukuma kikalia. Hakikazwi kwa kuzungusha. Ukikiweka pembeni ya boksi la dada utaona mwenyewe hakuna pa kuingia.

Kuhusu waya wa dishi: usithubutu. Tundu linaingiana kwa sababu koaksi zote hizo zinatumia kichwa cha aina moja, kile cha F, lakini kinachopita ndani ni tofauti. Waya wa dishi unaleta picha kutoka juu tu, haurudishi kitu, na king'amuzi kinapandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenda kuiwasha LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi. Ukichanganya nyaya ukaunga modemu mahali penye king'amuzi kilichowashwa, umeme huo unaweza kuingia pasipopaswa.

Na swali kwako: hiyo mashine ni ya dada au ya kampuni?

---

Korosho Ghafi

Shikamoo Fundi. Umenisaidia sana.

Hapo kwenye mwenye mali sikuwaza. Ngoja nimuulize, huko sasa hivi ni asubuhi.

---

Mbuyuni Boy

Mimi nitapinga kidogo. Jamaa yangu aliletewa boksi kutoka Marekani, tena hapa hapa Mtwara, na linapiga kazi mpaka leo. Watu wasiwatishe wenzao.

---

Fundi Nguzo

Mbuyuni Boy, sibishani nawe, yawezekana kabisa. Muulize jamaa yako nyuma ya boksi lake kuna tundu la koaksi? Nadhani hakuna. Aliletewa ruta.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa mtaani boksi lolote lenye taa linaitwa ruta na madukani wanauza hivyo hivyo. Modemu inaongea na kampuni, kwa hiyo lazima ifanane na waya unaoingia nyumbani: koaksi, nyuzi ya kioo, au laini ya simu. Ruta inaongea na simu zenu na kompyuta zenu, inagawa waifai, haijali mtandao umefikaje alimradi unaingia kwa waya wa ethaneti. Ruta tupu ya Houston, ya London, ya Guangzhou, zote zinakubali hapa ukiziunga nyuma ya ONT.

Boksi la dada ni vyote viwili ndani ya ganda moja. Nusu ya modemu haina kazi hapa Mtwara. Nusu ya ruta wakati mwingine unaweza kuilazimisha iwe kituo cha waifai tu, lakini yale ya kampuni mengi yamefungwa mipangilio yake, utahangaika bila sababu.

---

Korosho Ghafi

Amejibu. Anasema kwenye bili yake ya kila mwezi kuna mstari wa kukodi kifaa, dola 14. Alidhani ni malipo ya huduma.

---

Fundi Nguzo

Basi si yake. Akikata kukodi lazima akairudishe, na risiti ya kurudisha aitunze vizuri, la sivyo watamdai thamani ya boksi zima. Hebu fikiria boksi liko Shangani na bili inakwenda Houston!

Ila ana haki ya kununua yake. Kule kuna sheria ya mwisho wa mwaka 2019 inayokataza kampuni kumtoza mteja ada ya kukodi kifaa ambacho hawakumpa. Kodi za vifaa huwa kati ya dola 10 na 15 kwa mwezi, kwa hiyo modemu ya kununua inajilipa ndani ya mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kutegemea anachagua ipi. Msomee haya:

Kwanza aingie kwenye tovuti ya kampuni yake atafute orodha ya modemu wanazozikubali kwa kasi anayolipia. Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Modemu inaweza kuwa nzuri mno lakini kama haimo, wanaweza kukataa kuisajili, au wakaisajili ikapata kasi ya chini. Asiishie kwenye jina la kampuni iliyotengeneza, asome namba ya modeli mpaka herufi ya mwisho.

Anunue ya DOCSIS 3.1. Kanuni za 3.0 ni za mwaka 2006, na modemu zake zinaandikwa 16x4, 24x8, 32x8: namba ya kwanza ni chaneli za kushusha, ya pili za kupandisha. Marekani kila chaneli ya kushusha ina upana wa megahezi 6 na inabeba kama megabiti 38 kwa sekunde, kwa hiyo 24 kwa hesabu ya karatasi zinazidi 900. Hesabu hiyo tamu, ila chaneli hizo mnagawana na majirani wa njia ile ile, na jioni kila mtu yuko kwenye filamu. Hizi za 3.1, za mwaka 2013, zinatumia vipande vipana zaidi vya masafa na ndizo kampuni zinaendelea nazo. 4.0 ipo, lakini asitoe hela kwa ajili yake kama kampuni yake haijamwambia iko mtaani kwake.

Akiona mtu anauza modemu ya ARRIS SB6190 iliyotumika kwa bei ya kutupa, apite mbali. Ndani ina chipu ya Intel inayoitwa Puma 6, ambayo inajulikana kwa kuchelewesha mwitikio ghafla. Kasi ukipima unaiona nzuri, lakini simu ya video inakata na michezo inagoma. Ilifika mpaka mahakamani kule. Na kununua modemu iliyotumika kuna hatari nyingine: MAC yake inaweza kuwa bado iko kwenye akaunti ya mwenyewe wa mwanzo.

Je, anatumia simu ya mezani kupitia kampuni hiyo hiyo? Kama ndiyo, modemu ya kawaida haina tundu la simu. Lazima atafute yenye sauti, na hizo ni chache na ghali.

Akishainunua, aiunge kwenye tundu la ukutani moja kwa moja. Vile vigawanyio vya kupeleka waya vyumba viwili hupunguza nguvu, kimoja cha njia mbili kinakula kama desibeli 3.5. Atafungua programu ya kampuni au atawapigia, atawasomea MAC iliyo kwenye stika, watamsajili. Kisha akiwa ameunganishwa afungue 192.168.100.1 kwenye kivinjari, modemu nyingi za kebo zinaonyesha hapo hali ya njia. Nguvu ya kushusha ikiwa kati ya hasi 7 na chanya 7 (kipimo cha dBmV) yuko salama. Ikiwa mbali na hapo, kosa ni la waya na si la modemu, waje wao watengeneze.

Na akumbuke modemu tupu haina waifai. Atahitaji ruta pembeni.

---

Mama Likombe

Fundi umeeleza vizuri mno, hadi mimi ambaye sina ndugu Houston nimeelewa.

Nami nina swali la hapa hapa. Kuna kijana anahama, anauza ONT yake ya faiba kwa bei nzuri. Mimi naungwa mwezi ujao. Nichukue?

---

Fundi Nguzo

Mama, usinunue. Namba ya hiyo ONT imeandikwa kwa jina lake au bado ni mali ya kampuni, na wakija kukuunga watakuja na yao. Ukiwa na hela ya ziada, nunua ruta nzuri ya waifai na betri ndogo ya kuilinda umeme ukikatika.

---

Mpwa wa Mikindani

Niongeze kwa wale wa nyumba za zamani kama zetu huku Mikindani. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wake ukinyoosha mkono haupiti dirishani. Nimeunga faiba, ONT ipo chumba cha mbele, kasi pale ni raha tupu. Ukivuka ukuta mmoja tu waifai ya 5 GHz inakufa, ile ya 2.4 inabaki inasuasua. Nikashauriwa ninunue kirudishia mawimbi cha kuchomeka ukutani. Nilikijaribu, kinarudia udhaifu ule ule, kwa sababu na chenyewe kinapokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka.

Kilichonisaidia ni waya. Nikavuta waya wa mtandao wa Cat 6 juu ya dari hadi ukumbi wa nyuma, nikaweka ruta ya pili kule kama kituo cha waifai, nikaizimia kazi ya kugawa anwani ili isigombane na ya mbele. Jina la waifai na nywila nimeziweka sawa, simu inahama yenyewe. Kwa hiyo dada akitaka kuleta zawadi, ruta tupu ni zawadi ya maana. Waya nunueni huku, ila mhakikishe ni shaba. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, rahisi, zinakatika ukizikunja, na hewa ya chumvi ya huku haizipi muda.

---

Fundi Nguzo

Mpwa amenena. Na hiyo chumvi ni kweli, Shangani, Mikindani, Msimbati, kote kwenye upepo wa bahari. Tundu la chuma lisilotumika huota kutu. Nyuzi ya kioo yenyewe haili kutu, ila haitaki kukunjwa kona kali wala kubanwa na mlango. Taa ya LOS, ile ya kuonyesha mwanga haufiki, ikiwaka nyekundu, kabla hujapiga simu angalia kama mtoto hajauvuta waya au panya hajautafuna. Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa ONT, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa. Faiba nyingi za majumbani ni za mfumo wa GPON, na nguvu hiyo ikishuka chini ya hasi 27 dBm hivi mambo yanaanza kuyumba.

---

Newala Juu

Nyie wa mjini mnachagua. Huku kwetu Newala, nje ya mji, faiba ni hadithi. Nimeona mtandaoni ruta za laini kutoka Marekani, bei ziko chini. Niagize?

---

Fundi Nguzo

Newala Juu, hapo ndipo asili ya kifaa inapoleta shida hata kama si ya kebo. Ruta ya laini lazima ikubali masafa ya hapa. Nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa bendi za kule, 2, 4, 12, 13, 66. Sisi 4G yetu inapita sana kwenye megahezi 700, 800 na 1800, yaani bendi 28, 20 na 3. Soma maelezo ya kifaa utafute namba hizo. Kisipokuwa nazo, kitashika mnara kwa shida au kisishike kabisa. Pili, uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, ziko nyingi sana za hivyo. Tatu, ruta ya laini ina namba ya utambulisho, IMEI, kama simu. Ukiwa dukani, ihakiki kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090 ya TCRA kabla hujatoa hela.

Kwako wewe uliye juu ya uwanda, tafuta kifaa cha kufunga nje, kwenye nguzo au ukingo wa paa, waya wa mtandao na umeme ukashuka humo humo mmoja. Kielekeze mnara ulipo. Angalia namba inayoitwa RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm, kwenye ukurasa wake: hasi 80 ni safi, hasi 110 ni taabu. Geuza kidogo, subiri, soma tena. Mabati ya paa yanazuia mawimbi kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana ruta ile ile ukiitoa uani inapata uhai.

---

Chikongola Kwetu

Na mkumbuke faiba si dawa ya yote. Ile Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, wa faiba na wa laini wote tulikaa tunatazamana. Na huku Kusini hiyo ilikuja siku chache baada ya mafuriko ya kimbunga Hidaya kukata barabara ya Dar pale Somanga. Ruta ya kuagiza Kariakoo ingepita wapi!

---

Mbuyuni Boy

😂 Ingepitia Songea.

Fundi, nimemuuliza jamaa. Kweli, nyuma hakuna tundu la dishi. Ni ruta.

---

Korosho Ghafi

Wakuu nimemsomea dada yote. Boksi atalirudisha kwa kampuni, modemu atanunua ya 3.1 iliyomo kwenye orodha yao, ameshaipata. Kwa upande wangu atanunua ruta tupu. Sasa anauliza umeme: kule ni volti 120.

---

Fundi Nguzo

Aangalie maandishi madogo kwenye adapta, pale penye INPUT. Ikiwa 100-240V, 50/60Hz, haina shida, utanunua kigeuza plagi tu kwa ajili ya pini zao bapa. Adapta za ruta nyingi ziko hivyo. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke hapa kabisa. Soma OUTPUT, tuseme 12V 2A, ununue adapta ya hapa yenye volti zile zile na ampea zisizopungua hizo.

Betri ndogo ya ruta nayo uichague kwa hesabu hiyo hiyo. Na ujue ONT na ruta ni vifaa viwili, vyote vinataka umeme. Watu wananunua betri wanaiunga ruta, TANESCO wakikata waifai inaonekana imejaa lakini intaneti hakuna, kwa sababu ONT imelala. Chukua yenye matundu mawili ya volti 12, ujumlishe ampea za vyote kabla hujalipa. Baadhi ya ruta kubwa zinataka 12V 3A au zaidi, hizo betri ndogo za mtaani haziziwezi.

---

Mama Likombe

Hizo betri hapa mjini zinapatikana au mpaka Dar?

---

Mpwa wa Mikindani

Zipo mama, maduka ya vifaa vya simu na kamera za ulinzi wanazo. Nenda na adapta zako zote mbili mkononi, wazijaribu hapo hapo mbele yako. Ukiondoka bila kujaribu, pini ya kichwa ikikataa utarudi na nauli ya bodaboda juu.